Vikanyagio vya miguu kwenye kayaki ya mbao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Majibu haya ni kwa anayejenga kayaki ya mtu mmoja kwa plaiwudi au kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyounganishwa kwa gundi. Vipimo vimechukulia ubavu wa plaiwudi ya mm 4 uliopakwa epoksi (gundi ya resini ya kuchanganya) na kufunikwa kitambaa cha faibaglasi ndani na nje. Kama ubavu wako ni mnene zaidi, kazi itakuwa rahisi kidogo. Kama ni mwembamba zaidi, usiruke sehemu ya vibao vya kugundisha.

Kwani lazima? Mtumbwi hauna vikanyagio na unakwenda.

Kwenye mtumbwi mtu hupiga magoti au hukaa juu ya ubao, na magoti yenyewe yanamkaza. Kwenye kayaki umekaa chini kabisa, miguu imenyooka mbele. Unapovuta kafi, mwili ndio unaovutwa kwenda mbele, na nguvu hiyo hukifikia chombo kupitia miguu. Pasipo kitu cha kukanyaga, makalio yanateleza juu ya kiti, kiuno kinabeba kazi isiyo yake na nguvu nyingi inapotea. Wapiga makasia wa mashua wanalijua hili bila kuambiwa na mtu: mguu huwa umekanyaga taruma.

Mguu unaosukuma ni wa upande ule ule wa kafi. Kafi ikiwa kulia, mguu wa kulia unasukuma, nyonga inazunguka kidogo, mgongo unafuata. Ukiona mtu anachoka mabega kabla hajatoka ghuba ya Mikindani, mwangalie miguu kwanza.

Kuna aina gani, na nichague ipi?

Zipo nne zinazofaa kujadiliwa.

Ya kwanza ni reli mbili, moja kila ubavu, zenye kikanyagio kinachosogezwa mbele na nyuma. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa wengi, kwa sababu chombo kimoja huku hutumiwa na watu wengi.

Ya pili ni ubao mmoja unaokingama kutoka ubavu hadi ubavu. Ni imara, na mguu unaweza kukaa popote juu yake, ndiyo maana kayaki za mashindano hutumia ubao wa namna hiyo. Hatari yake ni uwazi wa chini: mguu ukipita chini ya ubao na chombo kikapinduka, kuutoa ni shida. Ukiuchagua, ushushe hadi karibu na sakafu, pasiwe na nafasi ya wayo kupenya.

Ya tatu ni kuegemea kiambaza cha mbele (ukuta unaokingama ndani ya chombo) kwa kuweka sponji ngumu isiyonyonya maji kati ya kiambaza na miguu. Hakuna njia nyepesi kuliko hii, na haina chuma cha kushika kutu. Lakini imefungwa kwa urefu wa mtu mmoja, na kiambaza chenyewe lazima kiwe kimegundishwa kwa kitambaa pande zote mbili. Sponji ya godoro haifai kabisa. Inakunywa maji na kuoza.

Ya nne ni vigingi vya mbao vinavyoingia kwenye kipande chenye meno kama ngazi. Ni ya bei ndogo, ila meno hulika haraka kama mbao ni laini.

Nipime vipi mahali pa kuweka reli?

Kiti kwanza. Kiti kikiwa bado hakijafungwa mahali pake pa mwisho, pamoja na egemeo la mgongo, usipime chochote, maana kiti kikisogea sm 3 na vipimo vyote vimesogea.

Weka kayaki juu ya mikeka au magunia ya mchanga ili isiyumbe. Kaa wima, makalio yaguse nyuma ya kiti. Kunja magoti kidogo, yafungue nje hadi mapaja yaguse chini ya sitaha bila kubanwa. Visigino vikaribiane katikati, vidole vielekee nje. Sasa mtu mwingine apige alama ubavuni pale ilipo nyama nene ya wayo, nyuma tu ya dole gumba. Hapo ndipo kikanyagio kinapotakiwa.

Kwa mtu wa kimo cha sm 170, umbali kutoka nyuma ya kiti hadi alama huangukia karibu sm 95 hadi 100. Usikate wala kutoboa kwa kufuata namba hii. Itumie kujua kama umekosea sana, basi.

Ukishapata alama, panga reli ili kikanyagio cha mwenye chombo kikae katikati ya reli, si kwenye ncha. Kosa la kawaida ni kuweka reli mbele mno kwa sababu mtu alipima akiwa amenyoosha miguu. Jaribio la haraka: ukilegeza mguu, wayo uguse kikanyagio bila kusukuma, ukikaza mguu, paja lipande na kushika sitaha. Kama paja limeshika hata ukiwa umelegea, kikanyagio kiko karibu mno. Kama ukikaza paja bado halifiki, kiko mbali.

Mwisho, pima kutoka kona zote mbili za nyuma ya kiti hadi vikanyagio vyote viwili. Tofauti isizidi mm 5. Ikizidi, utakaa umepinda bila kujua na chombo kitaegemea upande mmoja, kisha lawama itaangukia mkuku.

Kimo kutoka sakafuni je?

Kisigino kikae sakafuni, kikanyagio kiguse ile nyama nene. Kikiwa chini mno kinachimba kwenye upinde wa wayo. Kikiwa juu mno unasukuma kwa vidole na mashavu ya miguu yanakaza. Hakikisha pia vidole havigusi sitaha. Acha angalau sm 2. Mwenye mguu mkubwa kwenye kayaki yenye sitaha ya chini afungue magoti zaidi ili wayo ulale upande. Asikubali kunyoosha vidole mbele kwa saa mbili.

Nitoboe ubavu nipitishe bolti, au nigundishe kwa ndani?

Gundisha. Kutoboa ni haraka zaidi, lakini kila upande unapata matundu mawili karibu na usawa wa maji, na plaiwudi inakunywa maji kupitia kingo za tundu. Ukiona rangi imeanza kuwa nyeusi kuzunguka bolti, maji yamekwisha kuingia. Na kwa vyovyote, usifunge reli kwa skrubu za mbao kwenye ubavu wa mm 4. Hakuna nyama ya kushika.

Kazi ya kugundisha inaendaje:

1. Kata vibao vinne vya plaiwudi ya mm 9 au 12, kila kimoja sm 5 kwa 7. Viwili kwa kila reli, kimoja kila ncha.
2. Toboa kila kibao tundu la mm 6 katikati. Upande wa nyuma panua tundu ili kichwa cha bolti bapa ya M6 yenye urefu wa mm 35 kizame kabisa.
3. Kwaruza kichwa cha bolti kwa msasa, kipake epoksi nzito (iliyochanganywa na unga, tazama hatua ya 6), kitie mahali pake, kaza kwa nati upande wa pili hadi gundi ikauke. Paka grisi kidogo kwenye meno ya bolti, si kwenye kichwa.
4. Funga vibao kwenye reli kwanza, reli ikiwa nje ya kayaki, na kipande cha mfuko wa plastiki kati ya kibao na reli. Hivyo umbali kati ya bolti hauwezi kukosewa.
5. Piga msasa namba 80 mahali pa kugundisha hadi pawe pamefifia, futa vumbi, futa tena kwa asetoni au spiriti.
6. Paka epoksi nyepesi ubavuni na nyuma ya vibao. Kisha paka nzito, iliyochanganywa na unga laini wa mbao au wa silika hadi ishikamane kama siagi ya karanga. Bandika, kisha kingamisha fito kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ili zisukume reli zote mbili kwa pamoja.
7. Kwa mgongo wa kijiko, lainisha gundi inayotoka pembeni iwe tuta dogo kuzunguka kibao.
8. Siku ya pili ondoa reli, piga msasa, na ulaze tabaka mbili za kitambaa cha faibaglasi juu ya kibao, zikipita kingo zake kwa sm 3. Toboa kitambaa kwa ncha ya kisu ili bolti ipite.

Kwa vibao vinne, gramu 60 hadi 80 za epoksi zinatosha hatua ya sita na ya saba. Changanya kwa mafungu mawili. Kwenye joto la huku fungu kubwa ndani ya kikombe linachemka lenyewe na kutoa moshi kabla hujamaliza kibao cha pili. Limimine kwenye sahani pana litulie. Nunua hadina (kikaushio kinachochanganywa na epoksi) ya taratibu kama ipo. Saa 24 zinatosha kufunga reli, lakini ipe epoksi siku kadhaa kabla ya kusukuma kwa nguvu zote.

Jambo moja linalosahaulika: ubavu wa kayaki umepinda, reli imenyooka. Ukiikaza reli ifuate ubavu, inapinda na kikanyagio hakisogei tena. Kabla ya kugundisha, kipige randa kibao kimoja kiwe kabari, hadi reli ikae imenyooka bila kulazimishwa. Reli mbili kuelekeana kidogo upande wa omo ni kawaida, chombo kinachongoka huko.

Nimepata resini kwa mafundi wa bodi za magari. Si ni epoksi ile ile?

Hapana. Ile ni poliesta. Haishiki vizuri kwenye mbao, na juu ya epoksi iliyokwisha kukauka inashika vibaya zaidi. Itakaa wiki chache, kisha kibao kitabanduka kikiwa kizima, mgongo wake safi kama kimeoshwa.

Na aliyezoea poliesta ana mazoea mengine ya kuacha: kuongeza hadina ili ikauke haraka. Epoksi ina kipimo chake, kama mbili kwa moja au tano kwa moja, kutegemea aina, na kimeandikwa kwenye kopo. Ukizidisha hadina haikauki haraka. Inabaki laini milele. Pima kwa mizani ndogo au kwa sindano za hospitali, moja ya epoksi na moja ya hadina.

Puti ya magari nayo iache. Inanyonya maji.

Nani anauza reli hizi Mtwara? Kama hakuna, nitengeneze vipi?

Zilizotengenezwa kiwandani mara nyingi ni za kuagiza. Lakini mafundi wa madirisha ya aluminiamu wako kila mji, na vipande vyao vya mabaki vinatosha. Tafuta umbo la U lenye upana wa ndani karibu sm 4 na unene usiopungua mm 2. Kata vipande viwili vya sm 45.

Mgongo wa U unatazama ubavu, mdomo unatazama ndani ya chombo. Toboa tundu moja la mm 6 kwenye mgongo, sm 2 kutoka kila ncha. Hapo zitapita bolti za vibao. Kisha toboa kuta za juu na chini kwa pamoja, matundu ya mm 8 yaliyoachana sm 3, yakitazamana sawasawa. Yasipotazamana pini haitapita, kwa hiyo toboa reli ikiwa na kipande cha mbao ndani yake na klempu imekaza.

Kikanyagio ni gogo la mbao ngumu la urefu wa sm 12, linaloingia ndani ya U kwa ulaini na kutokeza sm 9 kuelekea katikati ya chombo. Kwenye uso wa nyuma, unaokanyagwa, gundisha na kupiga skrubu ubao wa plaiwudi ya mm 12, upana sm 9 na kimo sm 8. Pini ni bolti ya M8 inayoshuka kutoka juu, ikipita U, gogo, na U tena. Tundu la pini liwe karibu na ncha ya nyuma ya gogo, upande wa kiti. Ukisukuma, gogo linataka kuzunguka. Pua yake ya mbele inaukandamiza mgongo wa reli na pini inashika nyuma. Ukiweka tundu mbele, hakuna kinachozuia na pini itapinda. Ncha ya chini ya bolti ifungwe kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na kichwa kifungiwe uzi kwenye reli. Pini zinapenda sana kuzama.

Kibao cha plastiki cha kukatia mboga nacho hutumika badala ya mbao kwa vipande vinavyosuguana, kwani hakivimbi. Ila epoksi haikishiki hata kidogo. Kifunge kwa bolti tu.

Mbao ipi kwa gogo la kikanyagio?

Mninga unatosha na hautembei sana ukilowa na kukauka. Mkongo pia ni mzuri. Mtiki una mafuta: ufute kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi. Mpingo wa Kilwa ni fahari kuutaja, lakini ni mzito kiasi cha kuzama majini, na hiyo ni kazi ya vinyago na ala za muziki. Mbao za mnazi zina nyuzi zinazochanika pale pini inapokaa. Vyovyote utakavyochagua, paka epoksi mara mbili, na ndani ya tundu la pini mara tatu.

Bolti zimeshika kutu ingawa niliambiwa ni stenlesi.

Tazama maandishi kichwani. A2 ni ya matumizi ya kawaida. A4 ndiyo inayostahimili maji ya chumvi. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha. Bolti zilizopakwa zinki zitakwisha mapema.

Tatizo la pili ni ndoa ya stenlesi na aluminiamu ndani ya maji ya bahari: aluminiamu ndiyo inayoliwa, unaona unga mweupe kuzunguka tundu. Kata washa za plastiki kutoka dumu la mafuta ya kula uweke kati yao, na upake grisi. Grisi hiyo hiyo inazuia nati ya stenlesi kung'ang'ania bolti yake hadi ikatike wakati wa kufungua.

Miguu inakufa ganzi baada ya nusu saa.

Mara nyingi kosa si la vikanyagio. Ukingo wa mbele wa kiti unabana nyuma ya paja: uteremshe au uweke sponji chini ya mapaja. Kisha sogeza vikanyagio karibu kwa tundu moja, maana mguu ulionyooka kabisa unavuta msuli wa nyuma ya paja na kuubana mshipa. Ganzi ya vidole peke yake ni ishara ya kikanyagio kilicho juu mno. Kama wayo unauma kwa kukanyaga kitu kigumu, kata soli ya kandambili kuukuu na kuibandika kwa gundi ya fundi viatu. Hainyonyi maji na haitelezi.

Naweza kuvaa kandambili nikiwa ndani?

Usivae. Kandambili hupenya nyuma ya kikanyagio, mkanda unanasa, na chombo kikipinduka mguu unabaki ndani. Katambuga zenye vifungo vya nyuma ni mbaya zaidi kwa sababu hazitoki mguuni. Kaa peku, au vaa viatu laini vinavyobana mguu visivyo na kamba za nje. Hapa Msimbati na maeneo yenye matumbawe unahitaji kiatu cha kushukia. Kifunge kwenye sitaha.

Kikanyagio nacho kisiwe chembamba kiasi cha wayo kukiruka ukapita mbele yake. Ndiyo sababu ya ule upana wa sm 9.

Nataka usukani wa kuongoza kwa miguu. Vikanyagio hivi vitafaa?

Mfumo ambao kikanyagio kizima kinateleza ili kuvuta kamba ya usukani unakunyima egemeo: ukisukuma kwa nguvu, chombo kinakata kona. Bora kikanyagio kisichosogea, chenye kipande kidogo juu kinachokunjika kwa vidole, na hicho kipande ndicho kinachovuta kamba. Kwa reli ya U iliyoelezwa hapo juu, bawaba moja ya stenlesi juu ya ubao wa plaiwudi inatosha kuanzia. Wakati wa kusi usukani unasaidia sana ukisafiri upepo ukiwa ubavuni. Ndani ya ghuba ya Lindi hutauhitaji mara nyingi.

Nijaribuje kabla ya kutoka?

Nchi kavu kwanza. Kaa ndani, mgongo kwenye egemeo, sukuma kwa miguu yote miwili kwa nguvu zako zote, kisha mmoja mmoja. Sikiliza. Mlio mkavu wa "ta!" ni gundi inayoachia, hata kama huoni ufa. Mtu mwingine aweke kiganja nje ya ubavu. Akihisi ubavu unatuna, kibao ni kidogo mno au kitambaa hakikufika mbali.

Halafu maji ya magoti, wakati wa maji mafu, si bamvua. Pindua chombo kwa makusudi mara mbili tatu ukiwa na mwenzako kando, uone kama miguu inatoka bila kugusa kitu.

Kikanyagio kilikuwa kinasogea vizuri, sasa kimekwama.

Mchanga na chumvi. Toa pini, toa gogo, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, sugua ndani ya reli kwa mswaki wa zamani. Usipake mafuta ya kula wala grisi ndani ya reli, mchanga utaganda humo. Nta ya mshumaa inatosha. Kama bado kinabana, mbao imevimba: iache ikauke kivulini, ipige msasa, ipake epoksi tena.

Kibao kimebanduka. Nianze upya?

Angalia mgongo wake. Kikiwa na nyuzi za mbao zilizochanika, gundi ilikuwa nzuri ila ubavu ulizidiwa; ongeza ukubwa wa kibao hadi sm 7 kwa 10 na tabaka tatu za kitambaa. Mgongo ukiwa laini na unang'aa, hukupiga msasa vya kutosha, au epoksi ya awali ilikuwa na ule utando unaonata unaojitokeza kipindi cha mvua, Desemba hadi Aprili, hewa ikiwa na unyevu mwingi. Utando huo hautoki kwa msasa, unaziba msasa tu. Uoshe kwa maji na dodoki, kausha, ndipo upige msasa.

Kama gundi imekuwa laini kiasi cha kuingia ukucha, tazama mahali unapokiweka chombo. Kayaki ya rangi nyeusi ikianikwa juani Shangani mchana kutwa hupata joto la kutosha kulegeza epoksi ya kawaida. Iweke kivulini, au ipake rangi nyeupe, na usiache kitu kimekazwa kwenye reli. Kipimo cha kuchanganya kikiwa ndicho kilichokosewa, hakuna dawa: kwangua yote hadi mbao, uanze hatua ya tano.